Kisanduku cha Nne

Fomu ya ripoti ina visanduku vitatu:
alitukana, alisukuma, alirusha.
Hakuna kisanduku cha ilibingirika.

Nilikuwa mwamuzi wa nne, Fray Bentos, mwezi wa Julai,
baridi ya mto inapenya soksi,
ubao wa dakika umenigandia mkononi.
Dakika ya themanini na nane wenyeji walinyimwa penalti.
(Ilikuwa penalti. Nasema leo, miaka sita imepita
na hakuna anayeniuliza.)
Eleuterio Pintos, mtunza jezi, miaka sitini na moja,
mtu wa kuhesabu soksi
na kufungua mafundo ya kamba za viatu kwa meno,
aliipiga teke chupa yake mwenyewe ya maji moto.
Ikaanguka. Ikabingirika. Ikavuka chokaa
polepole, kama mzee anayetafuta pa kukaa,
ikaja kusimama kwenye kiatu changu
ikamwaga mate.

Mate ya kunywa, nasema. Majani machungu, maji ya moto,
kitu ambacho huku asubuhi humpa hata usiyesalimiana naye.
Vidole vyangu vya mguu vikapata joto.
Hilo nalo sikuliandika.

Nilitia tiki kwenye alirusha.
Hakuna aliyenipa rushwa.
Niliandika tu kwamba kilirushwa,
chombo cha chuma, kuelekea afisa wa mchezo.
Wino ulikuwa mzito kwa baridi,
basi la Montevideo linaondoka saa mbili usiku,
na neno lilikuwepo tayari, limechapwa, linangoja.

Kamati ya nidhamu ilisoma neno. Chupa hawakuiona.
Miezi minne, asikanyage uwanjani, asilipwe.
Klabu ya mtaa wa machinjio haina wakili
na rufaa hulipiwa kabla haijasomwa:
mishahara yake miwili.
Mkwewe alikuwa akipokea jezi chafu getini
na kuzirudisha getini, safi, zimekunjwa,
mkono wa kushoto juu ya wa kulia, vile vile kama zamani.

Wiki tatu baadaye, mji mkuu, taa kali.
Baltasar Iraola, koti refu la sufi,
alinigonga kifuani kwa kidole, mara tatu,
kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua ni yake.
Akafoka. Mate yakanitua kwenye kola.
Haya hayakuwa ya kunywa.

Nilitia tiki mbili. Niliandika kwa herufi kubwa.
Wakili wake alileta video ya pembe nne
na barua ya mdhamini yenye nembo ya dhahabu.
Kamati ikasema: joto la mchezo.
Mechi moja, na faini
aliyoilipa, nasikia, kabla kahawa haijapoa.
Mechi yenyewe aliitazama ghorofani, nyuma ya kioo,
simu sikioni,
na chini msaidizi wake anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mchana nafundisha hesabu darasa la sita.
Juzi Yamandú aliuliza kwa nini nusu ya mkate mdogo
na nusu ya mkate mkubwa zote zinaandikwa nusu.
Nilimwambia akae chini.
Kisha nikasimama mbele ya ubao, chaki mkononi,
hadi kengele ikalia.

Sisemi Eleuterio angeachwa. Mstari ni mstari,
na chupa iliuvuka.
Nilikutana naye stesheni mwaka jana,
chupa ile ile, imebonyea ubavuni.
Akanimiminia bila kuuliza mimi ni nani,
au kwa sababu anajua.
Nikanywa hadi majani yakalia.

Siku hizi huchora kisanduku cha nne kwa kalamu,
pembeni, kidogo, nikaandika ndani kilichotokea.
Fomu hurudi na muhuri: imeharibiwa, jaza upya.
Nimetozwa faini mara mbili.
Nimelipa.
Risiti ninazo.